Misimu mitatu na FIFA 11+: tathmini ya kocha wa vijana

Kwa misimu mitatu sasa, kikosi ninachokifundisha cha wasichana wa miaka 14 hadi 17 hakianzi mazoezi kwa kuzunguka uwanja na kujinyoosha kama tulivyozoea. Kinaanza kwa FIFA 11+, programu ya kupasha mwili ya dakika 20 iliyobuniwa ili kupunguza majeraha ya wanasoka, ambayo FIFA huitoa bure pamoja na kijitabu cha maelekezo, bango la picha na video za mazoezi. Ninaitathmini hapa kama ambavyo mtu huitathmini bidhaa aliyoinunua, kwa sababu ingawa haina bei, inachukua kitu ambacho kocha hukihesabu kwa uchungu, yaani muda wa uwanjani. Ukiwa na dakika 90 za mazoezi, kutoa dakika 20 kila mara ni kutoa zaidi ya moja ya tano ya muda wako wote, na anayetoa kiasi hicho ana haki ya kujua anarudishiwa nini.

Niseme kwanza kilichonifikisha kwenye programu hii. Katika msimu mmoja tuliwapoteza wachezaji wawili kwa jeraha lile lile la goti, na wote wawili hawakuguswa na mtu. Wa pili nilimwona vizuri kwa kuwa nilisimama hatua chache kutoka kwake: alikuwa anaufuata mpira kwa kasi, akakita mguu wa kulia ili ageukie kushoto, mguu ukawa umenyooka karibu kabisa, goti likaingia ndani huku mwili ukielekea upande mwingine, na tukasikia mlio mfupi kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Ilikuwa ligamenti (utepe mgumu unaofunga mfupa na mfupa) ya msalaba ya mbele ya goti, ile ambayo wanamichezo wengi huitaja kwa herufi tatu tu, ACL. Jeraha hilo humweka mchezaji nje kwa miezi tisa au zaidi, wengine hawarudi tena katika kiwango chao, na wasichana wanaocheza soka hulipata mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Nilichokuja kujifunza baadaye, na ambacho kiliniuma sana, ni kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya hutokea hivyo hivyo, bila mtu kugongwa, wakati wa kutua, kusimama ghafla au kugeuka, na kwamba namna goti linavyojipanga katika nukta hiyo ni jambo linaloweza kufundishwa.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunajinyoosha. Tulikaa chini kwa duara, tukashika vidole vya miguu, tukahesabu hadi 20, na tuliamini kwa dhati kwamba tunajikinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kwa kuwafuatilia makuruta 1,538 wa jeshi la Australia ulionyesha kwamba kujinyoosha kwa kutulia kabla ya mazoezi hakukupunguza majeraha ya miguu kwa kiwango chochote cha maana. Kujinyoosha hakuna ubaya, na mchezaji anayejisikia vizuri akijinyoosha simkatazi, lakini dakika kumi tulizokuwa tukizitumia hapo zilikuwa zinachukua nafasi ya kitu chenye manufaa zaidi.

FIFA 11+ haikuzuka siku moja, na historia yake inasaidia kuielewa. Ilitanguliwa na programu iliyoitwa The 11, ya mwaka 2003, yenye mazoezi kumi. Ilipojaribiwa kwa wasichana nchini Norway katika msimu wa 2005, haikuonyesha tofauti yoyote kati ya timu zilizoitumia na ambazo hazikuitumia, na sababu mojawapo iliyoonekana wazi ni kwamba timu zilizopewa hazikuifanya mara za kutosha. Mwaka 2006 wataalamu wa FIFA, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo cha Oslo na taasisi ya tiba ya michezo ya Santa Monica huko Marekani, waliifumua na kuijenga upya: wakaongeza mbio, wakaweka ngazi za ugumu zinazopanda, na wakaifanya iwe programu kamili ya kupasha mwili badala ya mzigo wa ziada unaobebeshwa mazoezi ya kawaida. Toleo hilo jipya lilijaribiwa Norway mwaka 2007 kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, majeraha makubwa kwa karibu nusu, na yale yanayotokana na kuutumikisha mwili kupita kiasi kwa zaidi ya nusu.

Anayeisifu programu hii aseme pia kwamba katika utafiti huo huo kipimo kikuu, yaani majeraha ya miguu peke yake, kilishuka lakini si kwa uhakika wa kitakwimu ambao watafiti walikuwa wameuwekea lengo. Kilichonishawishi mimi ni yale yaliyofuata. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za timu 20 za vijana wa kiume wa Lagos, Nigeria, zenye wachezaji 416, ambako timu zilizotumia FIFA 11+ zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Timu za wanaume za vyuo vikuu vya Marekani, zilizofuatiliwa katika msimu wa 2012, zilionyesha upungufu unaokaribia nusu. Toleo la watoto wa miaka 7 hadi 13 likajaribiwa Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Jamhuri ya Cheki, nalo likapunguza majeraha kwa karibu nusu. Dawa inayofanya kazi kwa wasichana wa Norway, wavulana wa Lagos na watoto wa Ulaya ya kati, viwanja vikitofautiana na hali ya hewa ikitofautiana, si ya kubahatisha.

Sasa niieleze yenyewe. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu, na kinachohitajika ni jozi sita za koni zilizopangwa kwa mistari miwili, umbali wa mita tano au sita kati ya jozi na jozi, pamoja na mipira. Sehemu ya kwanza huchukua dakika nane, nayo ni mbio za polepole zenye vituo: unafungua nyonga kwenda nje, unaifunga kwenda ndani, unamzunguka mwenzako, mnarukiana mkagongana mabega, mnakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi. Sehemu ya pili, ya dakika kumi, ndiyo moyo wa programu, na ina mazoezi sita ya nguvu, mizani na miruko, kila moja likiwa na ngazi tatu. Sehemu ya tatu ni dakika mbili za kukimbia kwa kasi zaidi, zikimalizikia kwa kukata kona ghafla. Kijitabu kinaagiza ifanywe angalau mara mbili kwa wiki, na kwamba kabla ya mechi zifanywe sehemu za mbio peke yake.

Zoezi ambalo ningelitetea mbele ya kocha yeyote ni la miruko. Ngazi ya kwanza ni rahisi kiasi cha kudanganya: mchezaji anasimama, miguu ikiwa upana wa nyonga, anakunja magoti kama anayetaka kukaa kwenye kiti, anatulia kidogo, kisha anaruka juu kadiri awezavyo na kutua kwa nyayo za mbele huku magoti yamekunjwa. Siku ya kwanza niliwapanga wachezaji 16 mbele yangu, nikapiga magoti ili macho yangu yawe usawa wa magoti yao, nikawaambia waruke. Nusu yao, na zaidi, magoti yaliingia ndani mara tu walipogusa ardhi, yakakaribiana kama yanayotaka kusalimiana, halafu yakarudi mahali pake. Ni tukio la muda mfupi sana, na ukisimama pembeni huku unazungumza na msaidizi wako hutaliona hata kidogo. Nilipoliona, nilielewa kwamba jeraha lile la msimu uliopita lilikuwa likijirudia mbele yangu kila siku kwa kipimo kidogo, likisubiri siku ya kasi kubwa na uwanja mbaya.

Marekebisho yake hayahitaji utaalamu wa ajabu. Nilitafuta maneno mafupi ambayo mchezaji anaweza kuyabeba kichwani akiwa hewani: goti lifuate kidole, usigonganishe magoti, tua kimya. Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Mchezaji anayetua kwa kishindo ametua na miguu iliyonyooka, na anayejitahidi asisikike hulazimika kukunja nyonga na magoti ili misuli ibebe uzito, bila yeye kufundishwa jina la msuli hata mmoja. Baada ya wiki ya nne hivi nilikuwa nasikiliza kuliko ninavyotazama. Mchezaji mmoja wa kiungo, mrefu na mwenye nyonga dhaifu, alihitaji miezi mitatu katika ngazi ya kwanza kabla sijamruhusu kuruka kwa mguu mmoja kwenda upande, na alikasirika kuona wadogo zake wakimpita. Kijitabu kiko wazi katika jambo hilo: ngazi hupandwa pale tu zoezi linapofanyika bila kosa kwa muda wote uliopangwa. Kalenda haimpandishi mtu.

Zoezi jingine linalostahili maelezo ni la misuli ya nyuma ya paja, linalojulikana duniani kama zoezi la Nordic. Mchezaji anapiga magoti mahali laini, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, naye anainama mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka kutoka sikioni hadi gotini, akijizuia asianguke kadiri anavyoweza, na akishindwa anajipokea kwa mikono. Kinachojengwa ni uwezo wa msuli kubeba uzito huku unarefuka, na ndiyo kazi ambayo msuli huo huifanya mchezaji anapokimbia kasi kubwa na mguu unarushwa mbele kabla ya kugusa chini. Hapo ndipo msuli huo huchanika mara nyingi. Tafiti kadhaa zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba timu zinazolitumia zoezi hili hupunguza majeraha hayo kwa takriban nusu, na sijui zoezi jingine moja lenye ushahidi mzito kama huu katika soka.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu liwasaidie wengine. Kijitabu kinasema anayeanza afanye marudio matatu hadi matano, seti moja tu. Niliona ni kidogo, nikawafanyisha kumi siku ya kwanza. Keshokutwa yake wachezaji watano walishuka ngazi za uwanja wakishikilia ukuta, na mmoja alilia kwa maumivu alipojaribu kukimbia. Maumivu ya aina hiyo, yanayofikia kilele baada ya siku moja hadi tatu, hutoka kwa msuli uliobebeshwa kazi usiyoizoea, na hupungua sana mwili ukishazoea. Lakini nilikuwa nimewapa sababu ya kulichukia zoezi bora kuliko yote, na ilinichukua nusu msimu kuwarudishia imani. Wachezaji wa kulipwa wenyewe mara nyingi hulikwepa zoezi hili kwa sababu hiyo hiyo.

Malalamiko yangu dhidi ya programu yako manne, na hayana uzito sawa.

La kwanza na kubwa ni kwamba inachosha akili. Kufikia mwezi wa tatu wachezaji wanaijua kwa moyo, wanaifanya kwa mdomo unaozungumza mambo mengine, na hapo hatari ni kubwa kuliko kutokuifanya kabisa, kwa kuwa kocha anajiona amekwisha kuwakinga. Uchambuzi wa zile timu za Norway ulionyesha kwamba zilizoifanya mara nyingi zaidi ndizo zilizopata majeraha machache zaidi, na kuachwa kulichangia kifo cha The 11. Kijitabu hakimpi kocha msaada wa kutosha katika suala hili. Mimi nimelazimika kubuni: wachezaji wawili wawili wanasahihishana na kubadilishana kazi ya kutazama, na kila wiki mmoja anaongoza badala yangu. Mchezaji anayesahihisha goti la mwenzake hulikumbuka la kwake.

La pili ni mpangilio. Baada ya dakika nane za mbio mwili umepata joto, kisha mnalala chini kwa ajili ya ubao wa mbele na wa pembeni, yaani kujiinua kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka, kwenye nyasi zenye umande au vumbi, na kufikia mwisho wa sehemu ya pili joto limepungua huku misuli ya paja imechoka kabla ya mazoezi yenyewe kuanza. Kuna suluhisho lililojaribiwa: watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2019 matokeo ya timu ambazo zilihamishia sehemu ya pili mwisho wa mazoezi, na wakakuta kwamba wachezaji waliifanya kwa uaminifu zaidi, na siku zilizopotea kwa majeraha zilikuwa chache kuliko kwa waliofuata mpangilio wa awali. Tangu msimu wa pili nasi tunafanya hivyo kwa mazoezi ya nguvu, ila miruko na kusimama kwa mguu mmoja nimeviacha mwanzoni, kwa maoni yangu kwamba goti linajifunza vizuri zaidi likiwa halijachoka. Hilo ni chaguo langu mwenyewe.

La tatu ni kinena. Programu haina zoezi zito la misuli ya ndani ya paja, ilhali maumivu ya kinena ni adui wa kila siku wa anayepiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu. Zoezi la Copenhagen, ambapo mchezaji analala ubavu, mwenzake anaushika mguu wa juu, naye anainua nyonga kwa nguvu ya paja la ndani, linajaza pengo hilo. Katika utafiti uliofanywa Norway kwa wanaume wa ligi za nusu kulipwa na kuchapishwa mwaka 2019, matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41 kwa waliolitumia. Sisi tumeliongeza mwishoni, nalo huchukua dakika tatu.

La nne ni dogo: makipa. Wanapata faida ya magoti na vifundo kama wengine, lakini mabega na mikono yao haiguswi. Kuna toleo la bega lililotengenezwa kwa ajili yao, na mwenye kocha wa makipa alitafute.

Yapo pia mambo ambayo programu haikuahidi kuyafanya, na hapa wenye makosa ni sisi makocha tunaoidhania kuwa kinga ya kila kitu. Haipimi mzigo wa kazi. Mchezaji anayefanya mazoezi kwetu mara tatu, akacheza timu ya shule mara mbili, na akajiunga na mashindano ya mwisho wa wiki, atapata maumivu hata akiruka na kutua kama paka. Wachezaji wangu walio katika kipindi cha kurefuka haraka walikuwa wakishika uvimbe mgumu chini ya goti, pale kano ya kifuniko cha goti inaposhikana na mfupa wa muundi. Hali hiyo huitwa Osgood-Schlatter, hutokea mfupa ungali unakua, na tiba yake kuu ni kupunguza miruko na mbio hadi maumivu yawe ya kuvumilika, kisha kurudi hatua kwa hatua. Siku hizi nina daftari ambamo kila mchezaji anaandika dakika alizocheza popote pale na jinsi alivyochoka kwa kipimo cha moja hadi kumi. Daftari hilo linanisaidia kujua nani apumzike Alhamisi, jambo ambalo FIFA 11+ haiwezi kuniambia.

Na kwa kuwa nafundisha wasichana, nitaje jambo ambalo makocha wengi, hasa wanaume, hulikwepa. Mchezaji asiyekula chakula cha kutosha kulingana na kazi anayoifanya anaweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika hadi ikapata nyufa ndogo kwa mbio za kawaida tu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya hali hii mwaka 2014, ikieleza kwamba huwapata hata wanaume kwa namna yao. Maumivu ya mfupa wa muundi au wa unyayo yaliyo katika sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, na yanayozidi kadiri mchezaji anavyokimbia, yapelekwe kwa daktari. Ubao wa pembeni hautibu mfupa.

Programu hii si tiba pia, ingawa nimegundua kwamba ni kipimo kizuri cha kurudi mchezoni. Mwanzoni mwa msimu huu winga wetu alitua juu ya mguu wa mpinzani na kuteguka kifundo. Kulikuwa na mkanganyiko wa kawaida wa pembeni mwa uwanja, huyu anataka kuukanda, yule anataka kuuvuta. Nilimzuia kila mtu asiuguse, nikasubiri dakika chache, nikamwomba ajaribu kutembea hatua nne. Kanuni za Ottawa, zilizotungwa na madaktari wa Kanada mwaka 1992, zinasema kwamba mtu asiyeweza kutembea hatua nne, au anayeumia mfupa ukibonyezwa upande wa nyuma wa vifundo ndani ya sentimita sita za mwisho za mfupa, au sehemu mbili maalumu za mifupa ya unyayo, apigwe picha ya eksirei. Hakuweza hatua ya pili. Picha ilionyesha mfupa mzima, na tukashukuru.

Daktari alimruhusu kuanza kukanyaga mapema, jambo lililowashangaza wazazi waliozoea ushauri wa kulala na barafu. Ushauri huo, wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu, ulienezwa na daktari Mmarekani Gabe Mirkin mwaka 1978, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba barafu na mapumziko marefu vinaweza kuchelewesha kupona. Barafu hupunguza maumivu, na kwa hilo inafaa. Lakini ligamenti hujijenga kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo. Alipoanza kurudi uwanjani nilimrudisha katika zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, ngazi ya kwanza, akiwa ameshika mpira kwa mikono miwili kwa sekunde 30. Mguu mzima ulitulia kama nguzo. Uliojeruhiwa ulitetemeka kuanzia sekunde ya nane, kifundo kikitafuta ardhi kushoto na kulia, na akashusha mguu wa pili akiwa na machozi, si kwa maumivu, kwani alisema hakuna, bali kwa kutouamini mwili wake. Ni wakati huo nilipoelewa kwa nini aliyewahi kuteguka ndiye anayeteguka tena: uvimbe huisha, maumivu huisha, na hisi ya kifundo inabaki imepotea hadi ifundishwe upya.

Kwa wiki tano alifanya zoezi hilo kila siku nyumbani, kisha akapanda ngazi ya pili ya kurushiana mpira na mwenzake, kisha ya tatu ambapo mwenzake anamsukuma kidogo ili amtoe kwenye mizani. Nilimkataza mechi mbili alizokuwa akizililia, pamoja na baba yake, kwa sababu bado aliruka kwa mguu huo umbali mfupi kuliko wa pili. Aliporudi kucheza hakuwa na wasiwasi wa kukata kona, na hadi ninapoandika hajateguka tena.

Kuhusu kikosi chote, sitatoa hesabu za majeraha yetu kama ushahidi. Wachezaji 20 kwa misimu mitatu ni wachache mno kuthibitisha lolote, na msimu mmoja wenye bahati unaweza kumdanganya kocha yeyote. Ushahidi utafutwe katika zile tafiti za maelfu. Ninachoweza kukishuhudia kwa macho yangu ni kwamba wachezaji waliokuwa wakitua magoti yakigusana sasa wanatua kimya, na kwamba wanapogeuka katika mechi wanakunja nyonga na kupiga hatua fupi kadhaa kabla ya kukata, badala ya kukita mguu mmoja ulionyooka. Hilo halikuwapo.

Kwa kocha anayetaka kuianza, ushauri wangu ni wa vitendo. Asianze katikati ya mashindano. Achague wiki sita za maandalizi. Mara mbili za kwanza atenge dakika 40, kwani kufundisha mazoezi 15 kwa mara ya kwanza hakuwezi kumalizika katika 20. Wote waanze ngazi ya kwanza, hata nahodha. Zoezi la Nordic liwe marudio matatu, na asiongeze hata moja hadi wiki ya pili. Apige video ya miruko kwa simu, akiwa amepiga magoti mbele ya wachezaji, na aihifadhi. Baada ya wiki nane awapigie nyingine mahali pale pale, kwa umbali ule ule, awaonyeshe zote mbili pamoja.